UTI sugu: huo usugu nani kaupima?

Kuna utani wa siku nyingi mjini kwamba ukiingia zahanati na homa, hata kama umeng'atwa na mbwa, utatoka na UTI na taifodi. Utani huo una mdogo wake: "UTI sugu". Mtu amemeza sipro, wapi. Akabadilishiwa azithromaisini, wapi. Akachomwa sindano siku tano, akapata nafuu ya wiki moja, kisha kiuno kikaanza tena. Hapo anatangaziwa kuwa yake ni sugu, na siku hizi hata wauza mitishamba wa mtandaoni wana chupa yake.

Neno hilo linanikera. Bakteria wasiosikia dawa wapo, tena wengi, na serikali imeshawatungia mpaka kifupisho, UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kinachonikera ni kwamba "sugu" ni jibu la maabara, na wengi wanaopewa jibu hilo hawajawahi kufanyiwa kipimo chenyewe. Kijiti kinachobadilika rangi kwenye kikopo hakipimi usugu. Chembechembe za usaha zinazohesabiwa kwenye darubini hazipimi usugu. Usugu unajulikana kwa kuotesha: bakteria atolewe kwenye mkojo, damu au usaha, apandwe, aote, kisha awekewe dawa mbele yake ionekane ipi inamzuia na ipi anaipita kama hajaiona.

Ukilitaja hilo mbele ya madaktari wa wilayani, au mbele ya mgonjwa anayelipa kutoka mfukoni, utapewa hoja tatu. Kipimo ni ghali. Kinachelewa. Na baada ya yote hayo, mara nyingi karatasi inarudi imeandikwa hakuna kilichoota. Hoja hizi si za kubeza, nami nitazirudia. Ila nadhani kipimo hiki kinahukumiwa kwa makosa ambayo mengi si yake.

Tuanze na kuchelewa. Jumatatu asubuhi kikopo kinafika maabara. Mtaalamu anachovya kitanzi cha waya kinachobeba maikrolita 1 tu ya mkojo, anakiburuta huku na huku juu ya sahani ya agari, ute ulioganda wa kulishia bakteria, yenye rangi ya kijani-buluu, anaifunika na kuiweka kwenye kabati la joto la nyuzi 35 hadi 37. Humo ndani E. koli, bakteria wa utumbo anayeongoza kwa kuleta UTI, akishashiba hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Jumanne asubuhi, kila bakteria aliyetua peke yake amekuwa kidoa kinachoonekana kwa macho, na sahani imegeuka njano kwa sababu wameila sukari ya maziwa iliyomo na kutoa asidi. Vidoa vinahesabiwa. Kwa kitanzi kile, kila kidoa ni bakteria 1,000 katika mililita moja. Vikifika 100, umefika 100,000, kiwango alichokitetea daktari Edward Kass wa Boston mwaka 1956 ili kutenganisha maambukizi ya kweli na bakteria waliodandia mkojo ukiwa unatoka.

Hapo ni nusu ya kazi. Mtaalamu anachota vidoa vichache, anavikoroga kwenye maji ya chumvi mpaka yawe na ukungu wa kiasi kilichokubaliwa, anapaka kwenye sahani nyingine, kisha anapachika juu yake vipande vya karatasi vya mviringo, vidogo kuliko kifungo cha shati, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Jumatano asubuhi anashika rula. Dawa inayofanya kazi imejichorea duara safi, kama uwanja uliofyekwa. Anapima upana wake kwa milimita na kuulinganisha na jedwali. Dawa iliyoshindwa imezungukwa na bakteria mpaka ukingoni mwa karatasi. Ukishaiona sipro imezingirwa hivyo, hutamshangaa tena mtu aliyeimeza siku saba bila mafanikio.

Kwa hiyo zile siku mbili si uvivu wa mtu wala foleni. Ni muda wa kiumbe kuzaana, na hautafupishwa kwa kumpigia simu mkuu wa maabara. (Agari yenyewe ilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa msaidizi wa Robert Koch, bingwa wa bakteria wa Ujerumani, ndiye aliyeipendekeza mwaka 1881, baada ya jelatini kuwaharibikia kwa kuyeyuka kwenye joto na kuliwa na bakteria. Hutengenezwa kwa mwani, lakini kina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wasianze kupiga hesabu: mwani wanaoulima hutoa karajinani, kigandishi cha aina nyingine, na agari huagizwa nje kama sehemu kubwa ya vitu vya maabara. Bei ya kipimo inaanzia hapo.)

Sasa, je, mgonjwa mwenye homa kali akae siku mbili anaangaliwa? Hapa ndipo kutoelewana kulipo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, hakuna kanuni ya tiba inayosema otesha, subiri, ndipo utibu. Inayosema ni: chukua sampuli kwanza, anza dawa papo hapo, kisha majibu yakifika endelea na dawa hiyo, ibadilishe au isimamishe. Kuchukua damu hakumcheleweshi mtu kama sindano iko mezani. Anayesema "hatukuotesha kwa sababu mgonjwa alikuwa na hali mbaya" amegeuza jambo: huyo mwenye hali mbaya ndiye wa kwanza kuoteshwa, kwa sababu dawa ya kubahatisha ikikosea kwake hapati nafasi ya pili.

Na kukosea kwenyewe si nadharia. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa watoto waliolazwa Muhimbili. Waliokutwa na malaria, 20.2% walifariki. Waliokutwa na bakteria wa kundi la Gram hasi, kundi la E. koli, kwenye damu, walifariki 43.5%, zaidi ya mara mbili, na kupewa dawa ambayo bakteria wao tayari walikuwa sugu nayo kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoashiria kifo. Moshi nako, katika hospitali mbili, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walipochunguzwa kwa kina, 528 walikuwa wameandikiwa kuwa wana malaria. Walionayo kweli walikuwa 14. Majibu hayo yalichapishwa mwaka 2013. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kimeziba sehemu ya pengo hilo, lakini kimefungua jingine: malaria ikikosekana, mgonjwa anahamishiwa taifodi kwa kipimo cha Widal, cha tangu 1896, kinachotafuta askari wa mwili badala ya adui mwenyewe, na askari hao hubaki kwa miezi baada ya ugonjwa wa zamani.

Bei nayo. Ni kweli kuotesha kunagharimu kuliko kijiti, na kwa mtu wa kipato cha siku kwa siku tofauti hiyo ni chakula. Lakini hesabu hufanywa kwa kipimo peke yake, bila kujumlisha dozi tatu zilizoshindwa, nauli, na siku za kazi zilizopotea. Kuna faida nyingine isiyoandikwa kwenye risiti yoyote: majibu ya mgonjwa mmoja yakikusanywa na ya wenzake 200 wa wilaya hiyo, daktari anapata ramani. Anajua kuwa hapa kwetu sipro imechoka, nitrofurantoini bado inasimama. Mgonjwa wa 201, ambaye hana pesa ya kuotesha, anatibiwa kwa kukisia, lakini kwa makisio yenye macho.

Ramani hiyo ndiyo hatuna. Mradi wa kuchunguza usugu wa dawa, ulioitwa MAAP, ulipita katika nchi 14 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, na kutoa majibu yake mwaka 2022. Maabara za afya katika mitandao ya nchi hizo zilikaribia 50,000. Zinazofanya vipimo vya bakteria zilikuwa 1.3%.

Nimeirudia namba hiyo mara nyingi na bado hainiingii. Asilimia 1.3 ya 50,000 ni maabara 650. Zigawe kwa nchi 14, unapata wastani wa 46 kwa nchi, na Nigeria, yenye watu zaidi ya milioni 200, imo humo humo. Tena kufanya vipimo vya bakteria si lazima kufike hatua ya rula na milimita. Ripoti hiyo hiyo ilisema ni sehemu tu ya hizo 650 inayoweza kupima usugu ipasavyo. Halafu ziko wapi? Maabara ya namna hii hufuata hospitali kubwa, na hospitali kubwa hufuata miji. Zile 49,000 na ushee zilizobaki zinapima malaria, sukari, Virusi vya UKIMWI, wingi wa damu, mkojo kwa kijiti, na Widal. Kazi muhimu nyingi humo, lakini hakuna hata moja inayoweza kukwambia dawa gani itamuua bakteria aliye ndani yako leo. Basi tunaposema kuotesha hakuna faida katika mazingira yetu, tunakihukumu kipimo ambacho kwa sehemu kubwa hatujakijaribu.

Nakubali upande wa pili una pointi zake nzito. Kwenye taifodi, kuotesha damu hukamata karibu 60% tu ya wagonjwa wenyewe. Kwenye kifua kikuu, kuotesha huchukua wiki kadhaa, wakati mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutoa jibu chini ya saa 2, na hakuna mwenye akili atakayedai turudi nyuma. Mwanamke kijana mwenye dalili za kawaida za kibofu kwa mara ya kwanza hana haja ya kuoteshwa. Atibiwe aende nyumbani. Tena kuotesha kunaweza kuleta madhara: mtu asiye na dalili yoyote, hasa mzee, akioteshwa mkojo anaweza kukutwa na bakteria wanaoishi naye kwa amani, akapewa dawa asiyoihitaji na kufuga usugu. Ukiacha wajawazito na wanaokwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo, watu wa namna hiyo huachwa. Na wapo wadudu wasioota kabisa kwenye sahani ya kawaida. Klamidia, anayeambukizwa kwa ngono, ni mmoja wao. Vijana wangapi wa kiume wanazunguka na "UTI sugu" ambayo ni ugonjwa wa zinaa usiotajwa, sijui, lakini ningeanza kuuliza hapo.

Inabaki hoja ya tatu, ya hakuna kilichoota, ambayo ndiyo inayowavunja watu moyo. Jirani yangu alinionyesha karatasi yake mwaka jana, imekunjwa mara nne ndani ya mkoba. "Kaka, hela yangu imeliwa," akasema. "Naungua nikienda haja ndogo, wao wanasema hamna kitu." Nikamuuliza mkojo aliutoa lini. Siku ya tatu ya sindano. Nikamuuliza aliutoaje. Aliamka, akajaza kikopo tangu tone la kwanza, akakiweka kwenye mfuko, akapanda daladala mbili, akakaa foleni mpaka saa sita.

Hapo kipimo kilishauawa mara tatu kabla hakijafika mezani. Mkojo wa kuotesha ni wa katikati: mwanzo unamwagwa, na ukikaa joto la Dar es Salaam zaidi ya saa 2 bila barafu, bakteria waliomo wanazaliana ndani ya kikopo. Kuhusu dawa, kuna utafiti wa mwaka 2019 wa hospitali za Kanada na Marekani ambako wagonjwa walewale walichukuliwa damu kabla ya dozi ya kwanza na tena ndani ya saa 2 baada yake. Kabla, bakteria waliota kwa 31%. Baada, 19%. Saa mbili hizo. Jirani yangu alikuwa na siku tatu. Damu nayo ina hadithi yake, maana kwa mtu mzima mililita moja mara nyingi haina hata bakteria mmoja, ndiyo maana chupa moja inataka mililita 8 hadi 10, na sisi tunatia mbili kwa kumhurumia mgonjwa.

Hakuna aliyemwambia lolote kati ya hayo. Alipewa kikopo na namba ya dirisha la kulipia.

Nilimshauri aongee na daktari wake: amalize dozi, akae wiki mbili bila dawa, na dalili zikirudi arudie, safari hii akojoe hapo hapo hospitali, tone la mwanzo alimwage. Zilirudi, naye akafanya hivyo. Siku ya tatu akanipigia simu kutoka dirishani. Hakuna kilichoota.

Safari hii karatasi ilikuwa na maana. Hakuwa na E. koli sugu. Baada ya dozi tano, hapakuwa na chochote cha kutibiwa kwa sipro. Daktari amemwandikia ultrasaundi na kipimo cha magonjwa ya zinaa, akamkataza kununua sindano nyingine. Yeye bado ana hasira, na swali aliloniuliza kwenye simu ndilo ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya dozi ya pili: "Sasa kama si UTI, naumwa nini?"