Kwani ipo mihogo isiyooza?

Jumamosi iliyopita tuling'oa mihogo ya shangazi, Muheza. Shamba lilikuwa linapendeza. Mashina yamesimama, majani ya kijani, na mimi niliyetoka mjini nilishaanza kuhesabu magunia kichwani. Shangazi akakata muhogo wa kwanza kwa panga, akautazama, akautupa pembeni. Wa pili vivyo hivyo. Ndani kulikuwa na madoa ya kahawia, makavu, magumu kama gamba la mti. Tulipofika shina la arobaini tulikuwa na ndoo mbili tu za muhogo wa kuliwa, na hata huo ilibidi tuuchonge kwanza kuondoa pabaya. Shangazi alikaa chini pale pale kwenye tuta. "Majani yamenidanganya, mwanangu," akasema.

Jioni tukiwa barazani, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mtu nisiyemfahamu, sauti nzito, anaonya kwamba mihogo mikubwa inayouzwa sokoni siku hizi ni ya GMO, yaani iliyobadilishwa vinasaba maabara, kwamba imetiwa vinasaba vya nyoka, ndiyo maana haiozi, na mwanamke akiila hazai. Ndugu zangu kumi na mmoja wakajibu kwa dua. Hakuna aliyeuliza ni soko gani wala nani kaipima. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akanigeukia, akauliza kwa utaratibu kabisa: "Kwani ipo mihogo isiyooza?"

Swali hilo halijanitoka tangu siku ile. Ndugu kumi na mmoja waliogopa, na mmoja, ambaye mikono yake bado ilikuwa na udongo wa hasara, alitaka kujua. Naandika haya kumjibu yeye.

Ugonjwa uliomla shangazi ni michirizi kahawia. Si batobato, ule ugonjwa mwingine wa muhogo. Batobato unaiona kwenye majani, yanajikunja na kudumaa, unang'oa shina mapema. Michirizi kahawia inafanya kazi chini, kimya kimya, na unaijua siku ya kuvuna. Inaletwa na virusi vya aina mbili vinavyokaribiana, vinasambazwa na nzi weupe, na sisi wenyewe tunavisambaza kila tunapokata pingili za shina bovu na kumgawia jirani. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936, na aliyeuandika, H. H. Storey, alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, kwenye mlima huo huo tunaouona kutoka barazani kwa shangazi. Karibu miaka tisini imepita. Mlima umeujua ugonjwa na bonde bado linaoza.

Na Amani hawakuishia kuuandika. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950 walikuwa wakichavusha muhogo kwa ndugu zake wa mwituni na wa mashambani, na mmoja wao ni mti wa mpira ulioletwa wakati wa Wajerumani. Watu wa Tanga wanaujua, kisamvu cha mpira tunakila mpaka leo, na nazi yake. Kwenye uzao wa kazi ile ndimo ilimotoka Namikonga, muhogo ambao hadi leo wataalamu wanausifu kwa kuvumilia michirizi. Vipande vya jenomu ya mpira, yaani jumla ya vinasaba vyake, vimesambaa kwenye mihogo ya Afrika, vilivyo vizuri na visivyo na faida, vyote kwa mkupuo, maana unapochavusha huchagui: unachukua maelfu ya jeni, yaani vinasaba, usizozijua ili upate moja unayoitaka. Hakuna aliyetuma ujumbe wa sauti kuhusu hilo. Bibi zetu walipanda, wakasonga bada, wakatulea.

Sasa nimweleze shangazi muhogo mwingine, ule wa maabara.

Nchini Kenya na Uganda, watafiti wa KALRO na NARO, taasisi za utafiti wa kilimo za nchi hizo, pamoja na wenzao wa kituo cha Danforth huko St. Louis, Marekani, wametengeneza muhogo wanaouita 4046. Walichofanya ni kuchukua kipande cha maelezo ya kinasaba ya koti la virusi hivyo viwili na kukiweka ndani ya seli ya muhogo. Kipande hicho hakitengenezi virusi. Hakitengenezi hata protini ya virusi. Muhogo unakisoma na kutoa RNA, yaani nakala ya maelezo hayo, iliyojikunja maradufu, na mimea yote tangu enzi na enzi ina kinga inayoichukia RNA ya namna hiyo: inaikatakata vipande vidogo, kisha inavitumia vipande hivyo kutambua na kukata chochote kinachofanana navyo. Kwa hiyo virusi vinapoingia na mdomo wa nzi mweupe, vinakuta muhogo umeshavijua kwa sura. Kinga ni ya muhogo wenyewe. Kilichoongezwa ni sura ya adui.

Na aliyebeba kipande hicho kukiingiza kwenye seli ni bakteria wa udongoni, Agrobacterium, ambaye kazi yake ya asili ndiyo hiyo, kuchomeka kipande cha DNA yake kwenye mimea. Mwaka 2015 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, na wa kituo cha kimataifa cha viazi kilichoko Lima walipima aina 291 za viazi vitamu vya kulimwa, wakakuta zote zina DNA ya jamaa wa bakteria huyo. Iliingia zamani za kale, maabara hazijazaliwa. Kiazi kitamu tunachochemsha asubuhi na chai kimeshafanyiwa na maumbile kile kile tunachokiogopa. Simaanishi kwamba kila kinachofanana na maumbile ni salama, uyoga wa sumu nao ni maumbile. Namaanisha kwamba "kimeingizwa jeni" si jibu la swali lolote. Ni jeni gani? Inafanya nini? Imepimwa wapi, na nani? Hapo ndipo mazungumzo ya watu wazima yanapoanzia.

Muhogo huo umejaribiwa mashambani, Mtwapa, pwani ya Kenya, ikiwa mojawapo ya mahali hapo, na Juni 2021 Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Kibayolojia ya Kenya iliruhusu ulimwe nje ya uzio wa majaribio ili uendelee na vipimo vya aina mpya za mbegu. Kwa hiyo ndiyo, shangazi. Upo, angalau kwa ugonjwa huu. Sokoni kwetu haupo, na aliyesema upo amesema uongo, kwa sababu Tanzania haijawahi kuruhusu zao lolote la uhandisi jeni lilimwe na wakulima. Hata moja.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Sina ugomvi na sheria kali. Nataka sheria kali. Tuliridhia Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa viumbe vya namna hii, mwaka 2003, tukatunga Sheria ya Mazingira 2004, tukaweka kanuni za usalama wa kibayolojia 2009 zilizosema anayeingiza kiumbe cha namna hii atabeba madhara yake hata kama hakuzembea. Wanasayansi walilalamika kwamba kwa masharti hayo hakuna atakayethubutu hata kujaribu, na mwaka 2015 kanuni zikalegezwa kwa upande wa utafiti. Oktoba 2016, Makutupora, Dodoma, mahindi ya kwanza yakapandwa ndani ya uzio: mahindi yenye jeni ya bakteria wa udongoni, yakitafutiwa uwezo wa kuvumilia ukame. Dodoma ni mahali pa kuujua ukame. Mimi nilifurahi siku ile. Nilifurahi kwa sababu hatimaye tungekuwa na majibu yetu, ya udongo wetu, yaliyopimwa na vijana wetu waliosomeshwa kwa kodi zetu. Kama mahindi yale ni mabaya, tungejua ni mabaya na tungekuwa na takwimu za kuwafukuza wenye mbegu hiyo.

Novemba 2018 serikali ikaagiza majaribio yasimame na mabaki yote yateketezwe. Mwanzoni mwa 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati ule, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kusitisha majaribio ya GMO nchini.

Tafadhali mnielewe. Serikali ina haki ya kukataa mbegu. Kinachoniuma ni kukataa kujua. Jaribio la ndani ya uzio halimlishi mtu. Lina mlinzi, lina umbali kutoka mashamba ya jirani, masalia yake yanateketezwa kila msimu kwa utaratibu. Ni swali lililozungushiwa waya. Ukilifunga swali, hukumlinda shangazi na chochote. Umemwachia michirizi yake na sauti ya mtu asiyejulikana kwenye simu. Vijana waliosomea kazi hii Sokoine na ng'ambo wanabaki na maabara wasizoruhusiwa kuzifikisha shambani, kisha siku tutakapolazimika kuamua, tutaamua kwa ripoti za wengine. Tutasomewa matokeo ya Kenya na Afrika Kusini, na hatutakuwa na hata ukurasa mmoja wetu wa kuweka mezani. Huo ndio utegemezi. Watu wanaosema wanapigania uhuru wa mbegu wangepaswa kulilia majaribio yale kuliko mtu mwingine yeyote.

Kenya nao walipotea, na kwa muda mrefu. Septemba 2012 ulitoka utafiti wa Ufaransa wenye picha za panya waliolishwa mahindi ya GMO na kuota uvimbe mkubwa, panya 200, kumi tu kwa kila kundi la jinsia moja, wa kabila la panya ambalo likizeeka linapata uvimbe hata bila kulishwa chochote kigeni. Novemba hiyo hiyo Baraza la Mawaziri likapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO. Mwaka mmoja baadaye jarida likauondoa utafiti huo, ingawa ulikuja kuchapishwa tena kwingine. Marufuku yakakaa hadi Oktoba 2022, na yalipoondolewa kesi zikaanza. Picha moja ya panya iliishi miaka kumi. Uganda, Bunge lilipitisha sheria ya kusimamia GMO mara mbili na Rais Museveni akairudisha mara mbili, ingawa lazima nikiri swali lake kuhusu haki za jamii zilizotunza mbegu za asili lilikuwa swali la maana.

Wanaopinga wana hoja, nami sitazificha. Burkina Faso walianza kulima pamba ya Bt, iliyopandikizwa jeni ya bakteria inayoua wadudu, mwaka 2008, na kufika 2016 wakaiacha kwa sababu nyuzi zilikuwa fupi na wanunuzi wakapunguza bei. Wadudu walikufa, mkulima akapata hasara. Afrika Kusini bungua wa mabua walijifunza kuyazoea mahindi ya Bt, kwa sehemu kubwa kwa sababu wakulima wengi hawakuacha vipande vya mahindi ya kawaida kama walivyotakiwa. Na suala la kampuni kubwa kushika mbegu ni la kweli. Mkulima anayenunua mahindi ya chotara kila msimu analijua, na mahindi hayo hayana jeni hata moja la kupandikizwa. Lakini muhogo hauuzwi kwa paketi. Unapandwa kwa pingili, na pingili inatoka kwa jirani. Basi tuiandike hiyo kwenye sheria kwa Kiswahili kinachosomeka: mkulima atakata, atapanda na atamgawia mwenzake bila kumlipa mtu. Tudai hivyo kwanza, tukinyimwa tukatae. Hiyo ni sababu ya kukataa ninayoweza kumweleza shangazi nikiwa nimemtazama machoni. Vinasaba vya nyoka siwezi.

Dada yangu ana kisukari. Insulini anayojichoma kila siku imetengenezwa na viumbe vidogo vilivyopandikizwa jeni ya binadamu, na teknolojia hiyo iko kwa wagonjwa tangu 1982. Wajukuu wa shangazi wamechanjwa homa ya ini B, kwa chanjo iliyotengenezwa na hamira iliyopandikizwa jeni ya kirusi. Kwenye kundi letu la ukoo hakuna aliyewahi kulikataa hilo, kwa sababu daktari alikaa nao akawaeleza. Kwenye kilimo hatukukaa na mtu.

Usiku ule nilimweleza shangazi yote haya, kwa maneno machache kuliko haya. Aliuliza kama Mtwapa ni mbali. Nikamwambia unavuka Horohoro, unapita Mombasa, unafika. Akauliza kama pingili moja ni bei gani, nikamwambia haiuzwi, na hata ungepewa bure sheria hairuhusu kuvuka nayo. Akanyamaza kidogo.

Asubuhi tulichoma mashina yote arobaini na mengine ya mstari wa pili. Jirani yake wa upande wa mtoni amemuahidi pingili kabla ya mvua za vuli. Nilikwenda kuziangalia. Majani yake ni mazuri sana.