Mzee aliambiwa ataje ni moto upi

Nililelewa kambi ya polisi Naguru, jijini Kampala, Uganda, ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha watoto wa kila kabila. Mzee, baba yetu, alikuwa askari wa zimamoto. Soko la Owino lilipoungua mwaka 2009 alirudi alfajiri, mweusi kwa masizi. Mama alizifua nguo zake za kazi katika beseni moja na sare zetu za shule. Nani angetuambia kwamba sumu ya moshi hunasa kwenye kitambaa na kupenya ngozini?

Leo naishi Winnipeg, Kanada. Jirani yangu, zimamoto pia, ana saratani ya kibofu cha mkojo, ileile iliyomchukua Mzee. Tangu 2002, sheria ya hapa Manitoba inasema zimamoto aliyetumikia miaka iliyowekwa akipata saratani hiyo, itahesabiwa imetokana na kazi. Anayepinga ndiye atafute ushahidi. Jirani yangu analipwa fidia akiwa kitandani, na mwenzake kazini aliyewahi kuugua vilevile humpigia simu kila wiki.

Mzee alipokojoa damu alinyamaza miezi mingi, akidhani ni kichocho, akiogopa watu watasema ni ugonjwa wa zinaa. Alipokuja kuomba fidia, ofisi moja ilimtaka aonyeshe ni moto upi uliompa saratani. Moto upi, katika miaka ishirini na tatu ya kazi! Julai 2022, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kazi ya zimamoto yenyewe husababisha saratani, ya kibofu ikiwemo. Tulikuwa tumeshamzika.

Sisemi nyumbani hatukuwa na watu. Wake wa askari walipangiana zamu za kumlinda usiku hospitali ya Mulago, maana wodini mgonjwa huhitaji mtu wake wa kumlisha na kumgeuza. Wauguzi wa Hospice Africa Uganda walimfikia nyumbani na mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali, bila malipo. Huku, mke wa jirani yangu hukesha peke yake, na hilo huniuma.

Lakini wanaosema udugu wetu unatosha, mimi siwaungi mkono. Mchango wa kambi ulilipa dawa na boda boda, ukaishia hapo. Mdogo wangu aliacha shule akiwa Senior Three. Hilo halikuwa deni la majirani. Bunge letu liandike katika sheria ya fidia maneno yaleyale ya Manitoba, na wajane watajwe waziwazi.

Wakati tukidai hilo, ndugu zangu mlio kazini, andikeni kila moto: tarehe, mahali, kilichoungua. Daktari aambiwe kazi yenu hata asipouliza. Nguo za moto zisiingie ndani ya nyumba. Binamu yangu aliyeko zimamoto Jinja ameshanunua daftari. Ukurasa wa kwanza ni moto wa bweni, kilichoungua ni magodoro tu.