Mtaa unafinyanga msanii, lakini nani ananunua?

Watu wanasema msanii wa Nairobi anafinyangwa na mtaa, yaani kelele, vumbi, Sheng, vyote vinaingia kwa kazi yake atake asitake. Siwezi bisha. Msanii Cyrus Kabiru alikulia mtaa wa mabanda wa Korogocho na ile miwani yake ya C-Stunners anaiunda na vyuma chakavu na nyaya za kuokota, nao Wajukuu, kikundi cha wasanii wa mtaa wa mabanda wa Mukuru, walipoalikwa documenta, maonyesho makubwa ya sanaa kule Kassel, Ujerumani, 2022 walivalisha mlango wa jumba la maonyesho mabati yenye kutu. Kitu kama hiyo haiwezi toka Karen, mtaa wa matajiri.

Lakini mtaa ni nusu tu, nusu ingine ni mteja. Angalia nganya za Rongai, zile matatu zilizopambwa na michoro. Sheria za waziri wa uchukuzi John Michuki za 2004 zilileta mstari wa njano kwa matatu na michoro ikafutwa, mpaka Rais Uhuru Kenyatta aliporuhusu tena mwisho wa 2014 ndio rangi zikarudi. Sasa hapo mchoraji anahukumiwa na abiria. Gari ikifika steji ya Railways na sura ya mchezaji imepinda pua, ama ni wa klabu alishahama kitambo, vijana wanacheka, wanangoja ya nyuma, konda anarudi na hesabu pungufu na mwenye gari anairudisha gereji. Ndio maana hao wachoraji hawalali.

Kwa galari ni stori ingine. Mnunuzi mara nyingi ni mgeni ama anaishi mbali na mabati, na anachotaka ni mabati, basi msanii wa Buruburu aliyekulia nyumba ya mawe na maji ya mfereji anachora vibanda kwa sababu ndio vinanunuliwa. Hapo huwezi niambia ni mtaa umemfinyanga.

Sawa, kodi haingoji mtu. Tena mchoraji Michael Soi amechora vilabu vya usiku na akawachokoza Wachina na wanasiasa wetu na bado anauza, kwa hivyo soko halifungi kila mtu mdomo. Na abiria naye si malaika, nganya zimejaa marapa wa Marekani na mastaa wa ligi ya Uingereza, mama muuza mitumba wa soko la Gikomba utamtafuta huko mpaka uchoke (mimi nimetafuta).

Bado mimi nachagua abiria. Akiboeka na hao marapa atasema hapo hapo steji, lakini mnunuzi wa galari akishabeba picha yake kwa ndege, Mukuru haioni tena, atajuaje kama alidanganywa?