Kanuni ni moja, hasara ni ya nani?

Julai 2000 kampuni ya nishati ya Enron, ya Marekani, iliwagawia wafanyakazi wake kitabu cha maadili chenye kurasa 64. Desemba 2001 ikaomba kufilisiwa, mahesabu yake yakiwa yamepikwa kwa miaka. Wanaoamini kwamba maadili ya makampuni ni pambo la ukutani hawachoki kuutaja mfano huo. Una utamu wake, ila unatuacha palepale: kampuni yenye matawi katika nchi themanini ifanye nini basi, iache kila tawi lijiamulie?

Hapana, wanasema watetezi wa kanuni moja kwa matawi yote, nami hapo niko nao. Ukimwachia meneja wa tawi afuate “mazoea ya huko”, mazoea hugeuka bei ya hongo. Ujerumani yenyewe, hadi 1999, iliruhusu hongo iliyotolewa nje ya nchi ihesabiwe kama gharama ya biashara na kupunguziwa kodi. Sheria ikabadilika, lakini ndani ya Siemens, kampuni kubwa ya uhandisi ya nchi hiyo, malipo yaliendelea. Fedha taslimu zilichotwa kwenye madawati maalumu, na baadhi ya idhini zilisainiwa kwenye vikaratasi vya manjano vya kunata ili saini iweze kubanduliwa baadaye. Mwaka 2008 kampuni ilikubali kulipa takriban dola bilioni 1.6 kwa mamlaka za Marekani na Ujerumani. Kile kikaratasi ndicho kinachonifikirisha. Mtu anayechagua karatasi ya kubanduka anajua vizuri anachofanya, na hakuna semina ambayo ingemfundisha jipya.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Chukua karani wa usafirishaji bandarini, ana kontena la dawa zinazotakiwa kukaa kwenye baridi. Afisa anamwambia mtandao uko chini, labda wiki ijayo, halafu anamtazama mkononi. Sheria ya Marekani ya 1977 dhidi ya hongo za nje inavumilia malipo madogo ya kuharakisha huduma ambayo mtu ana haki nayo. Sheria ya Uingereza ya 2010 haivumilii. Kampuni yenye busara hufuata iliyo kali zaidi, na kwenye karatasi jambo limekwisha. Kwa karani halijaisha. Asubuhi ileile amepokea barua pepe mbili kutoka makao makuu: moja inamkumbusha amalize mafunzo ya maadili, nyingine inasema mzigo utoke kabla ya Ijumaa bila visingizio. Anajua ni ipi itakayosomwa siku ya kupanga bonasi.

Kwa hiyo anayesema kanuni za makao makuu huandikwa na watu wasiowahi kusubiri kontena ana hoja. Anakosea anapohitimisha kwamba kanuni ilegezwe. Kinachotakiwa kulegea ni ile Ijumaa.

Na hili halihusu nchi za mbali peke yake. Benki ya Marekani ya Wells Fargo ilipotozwa faini ya dola milioni 185 mwaka 2016 kwa akaunti zilizofunguliwa bila idhini ya wateja, hapakuwa na afisa wa forodha wala mila ngeni ya kusingizia. Palikuwa na malengo ya mauzo. Kiasi cha wafanyakazi 5,300 walifukuzwa, na wengi wao walikuwa wa ngazi za chini. Mafunzo ya maadili yalikuwepo muda wote.

Linabaki suala la ushindani, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Februari 2025 Rais Trump aliamuru utekelezaji wa ile sheria ya 1977 usitishwe kwa muda, kwa hoja kwamba inawafunga mikono Wamarekani huku wapinzani wao wakiwa huru. Juni ukarejea kwa miongozo mipya. Nia yake ijadiliwe kivyake, lakini mwenye kukataa peke yake kweli huumia. Manahodha wanaopita Mfereji wa Suez walilijua hilo zamani: marubani wanaoongoza meli humo walizoea kudai katoni za sigara, hadi mabaharia wakaupachika mfereji jina la Marlboro. Aliyekataa alijiandaa kwa usumbufu. Kampuni za meli zilizoungana tangu 2011 katika MACN, mtandao wa kupambana na rushwa baharini, zikakubaliana meli zao zote zikatae kwa pamoja, na mtandao huo unasema madai yamepungua sana.

Mbinu hiyo inawezekana mferejini, ambako kila meli hupita njia moja na kila nahodha humwona mwenzake. Kwenye zabuni ya siri, washindani watano hawaonani. Hapo meneja wa tawi aliyekataa “kuongea vizuri” na wakala atarudi mikono mitupu, na ningependa kuiona fomu yake ya tathmini mwisho wa mwaka: kama ile zabuni imeandikwa kuwa ni kushindwa kwake, au ni gharama ambayo makao makuu yameikubali kwa saini isiyobanduka.