Mwacheni mtoto ashike rula mwenyewe

Haya mambo ya watoto kupanda maharage kwenye kopo nayapenda sana, ila kinachoniumiza ni kwamba tunaishia njiani. Mbegu ikichipua tunapiga makofi, tunapiga picha mbili tatu, basi, kopo linasahaulika dirishani mpaka mche unakauka, wakati utamu wenyewe ndo kwanza ulikuwa unaanza.

Mimi naamini mtoto hauoni mmea vizuri mpaka aupime. Ukimuuliza umekua kiasi gani anatanua mikono tu. Mpe rula uone maswali yanavyomiminika, napimia wapi, kwenye udongo au kwenye mdomo wa kopo, halafu mbona jana ilikuwa sentimita 9 na leo 8 na nusu, umerudi chini? Hapo usimwambie jibu haraka! Mwache aiangalie ile rula mpaka agundue kwamba sifuri haianzii pembeni kabisa, kuna kakipande kamebaki kule chini, na jana aliichomeka kwenye udongo ila leo ameisimamisha juu juu tu. Dawa yake ni kuchomeka kijiti karibu na mche, mnachora alama usawa wa udongo, kila siku mnapimia hapo hapo.

Na jamani, urefu peke yake hautoshi. Chukua makopo mawili, moja liweke dirishani lingine ndani ya kabati lenye giza, yote myamwagilie sawa. Baada ya siku kadhaa mche wa kabatini unakuwa mrefu zaidi na watoto wanaushangilia kweli kweli, mpaka wautoe nje waone ulivyo wa njano, shina jembamba linalegea, vijani vidogooo. Chakula chote kilichokuwa kwenye mbegu umekitumia kurefuka ukitafuta mwanga. Sasa hapo mtoto mwenyewe atataka kupima kingine, kuhesabu majani, au kulaza jani kwenye karatasi ya miraba (bila kulichuma), kulizungushia penseli na kuhesabu miraba iliyo ndani.

Hata watu wazima kipimo kimewahi kuwafikisha nusu ya njia. Jan Baptista van Helmont, mwanasayansi wa zamani wa Ulaya, alipanda mti kwenye udongo alioupima uzito, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka 5, mti ukaongezeka kilo 70 na ushee huku udongo ukipungua gramu 60 hivi, akasema basi mti wote umetokana na maji. Habari zake zilichapishwa 1648. Hakujua kwamba mmea unajijenga pia kwa hewa ya kaboni dayoksaidi, ila aliupima ule udongo, na wengi walikuwa wanaamini tu kwamba mmea unaula.

Ndo maana sikubaliani kabisa na mtu mzima anayemrekebishia mtoto namba ili grafu ipande vizuri, au anayebadilisha usiku mche uliokufa ili asubuhi mtoto asilie. Mche ukifa uandikiwe tarehe, urefu wa mwisho, na mtoto anachodhani kimeuua. Kama Jumapili hakuna aliyepima, paacheni wazi kwenye daftari, asije mtu akajaza 12 eti kwa sababu Jumamosi ilikuwa 11 na Jumatatu 13.