Mtuhumiwa Namba Sifuri

Jamani databesi ya kazini iligoma ghafla tu. Ni PostgreSQL, seva kuu moja na replika yake (nakala inayoifuata) pembeni. Kijana wetu mmoja kapiga ALTER TABLE aongeze kasafu kamoja, amri ikakaa kusubiri loki (kufuli la jedwali) na kila SELECT (amri ya kusoma) iliyokuja nyuma yake nayo ikapanga foleni, mara aplikesheni yote kimya. Halafu katalogi, yaani majedwali ya databesi yenyewe, nayo imevimba, hasa pg_attribute inayoorodhesha safu zote, maana aplikesheni yetu inatengeneza majedwali ya muda kila ikipumua na kila safu inaacha mstari humo, ukipiga VACUUM (amri ya kufagia mistari mfu) inakujibu mistari mfu ipo kibao ila haiwezi kuondolewa bado. Bado mpaka lini sasa?

Lawama zote kwa dada wa ripoti. Kweri zake (maswali kwa databesi) ndefu zinakimbia kwenye replika na hot_standby_feedback (replika kuiambia seva kuu isifute mistari ambayo bado inasomwa) imewashwa, kwa hiyo kweli anaweza kuizuia VACUUM ya huku kwenye seva kuu. Akaziua ripoti zake huku kanuna. Wapi!

Nikaiuliza pg_blocking_pids nani kashika loki. Jibu, namba ya prosesi: 0.

Bosi yuko nyuma yangu, "Si umuue huyo sifuri!" Nikapiga pg_terminate_backend(0), ikanionya kwamba hiyo siyo prosesi ya PostgreSQL. "Basi zima uwashe." Tukaristati, sifuri yupo palepale. Bosi akasema isiwe tabu, tuhamie replika, tukaipandisha cheo ikawa kuu, na sifuri kahama na sisi kama jini la ukoo.

Hapo ndo nikafungua pg_prepared_xacts, orodha ya miamala iliyoandaliwa ila haijakamilishwa. Kumbe kuna programu ilipiga PREPARE TRANSACTION (kuuandaa muamala) ikafa kabla ya COMMIT PREPARED (kuukamilisha), na muamala wa hivyo unaandikwa kwenye diski, unafika mpaka replika, hauna prosesi ya kuua, ila loki umeng'ang'ania na VACUUM umeizuia. Tarehe yake? Kabla dada wa ripoti hajaajiriwa! Akaisoma kwa sauti, akarudia, macho kwa bosi.

Nikaufuta kwa ROLLBACK PREPARED, foleni ikaachia. VACUUM ikafagia ila faili la pg_attribute likabaki nene vilevile, nafasi inabaki humohumo ndani, bosi akataka VACUUM FULL ya kulipunguza. Nikamwambia bosi hiyo inashika loki nzito, hata kusoma hakuna, tufanye usiku na mtu asiguse kitu. Akaitikia vizuri kabisa.

Usiku nimeianza tu, simu ya bosi. "Nimeingia kuangalia kama imeisha, databesi imeganda! Sifuri karudi?"