Mjomba Tulimzika, Grupu Halijazikwa

Huku Kisumu mtu akifariki, kabla mwili haujafika mochari grupu la WhatsApp limeshazaliwa. Hili la matanga ya mjomba wa mke wangu lilinikuta sokoni Kibuye napima omena. Kushika simu tena, tayari nimo, na watu nusu yao siwajui wanaulizana basi la Siaya linatoka saa ngapi.

Mjomba tulimzika vizuri. Ng'ombe akaliwa, hotuba zikaisha giza limeingia. Hiyo ni mwaka juzi. Grupu liko! Asubuhi mtu anatuma waridi na "Mungu ni mwema", mchana mwingine anauza shamba Maseno, usiku ni siasa. Na picha ya marehemu bado iko pale juu, anatuangalia tukitukanana.

Sasa omera, jumbe za mazungumzo unaweza kuzipangia zijifute zenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Vizuri sana. Grupu lenyewe je? Nimetafuta pa kuliwekea siku ya kufa, sijaona.

Utaniambia nitoke. Zamani ukitoka, grupu zima lilitangaziwa. Siku hizi eti wametuwekea staha: anayeambiwa ni admini peke yake. Admini ni baba mkwe! Yaani wameondoa watu wote ambao siwaogopi, wakabakiza yule mmoja.

Nikasema basi nitakaa kimya. Tiki za buluu nilizima kitambo, kwa amani yangu na ya wanaonidai. Kumbe kuzima huko hakufiki kwenye grupu. Huko ukifungua tu, umeandikwa. Mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu, hubonyeza ujumbe wake wa mchango, akapata orodha ya waliousoma, akaipiga picha ya skrini na kuirudisha palepale: "Wafuatao wameona na wako kimya." Jina langu liko chini ya la pasta. Pasta naye hana, lakini nani atamuuliza?

Mwalimu naye yalimpata. Aliandika "pesa yote tumekula", akitaka kusema tumekuta. Kuhariri unapewa dakika 15, na mzee alikuwa ameacha simu kwenye chaji akaenda kanisani. Kurudi, akafuta kwa wote. Ilifutika? Pakabaki maandishi "ujumbe huu umefutwa", kama msalaba kando ya barabara, kila anayepita anasimama kuuliza hapa palitokea nini. Walioona wakawaeleza wasioona, na chumvi juu.

Za sauti hata nisianze. Mtu anarekodi akiwa ndani ya matatu pale Kondele, na lile neno la maana analisema makanga akiita abiria.

Mimi naomba kitufe kimoja tu. Kuna moyo, kuna kidole gumba, kuna uso unaolia machozi. Hakuna cha "nimeona, nimesikitika, sina."

Na sasa baba mkwe ameanzisha grupu lingine, la ukumbusho wa marehemu. Najua kuna mahali pa kuchagua nani anaweza kukuingiza: kila mtu, watu wako, au watu wako isipokuwa fulani. Nilipafungua. Nikafika hapo kwenye "isipokuwa", jina la baba mkwe likajitokeza na picha yake amevaa kofia ya harusi yetu, ananitazama. Nikafunga haraka, nikatuma mia mbili.